Kabla hujasaini mkataba wa kuchangia programu huria ya kampuni, pita hapa kwanza

MsimboMkavu (mleta mada)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Kazini kwetu tunatumia programu huria ya hifadhidata (msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha) ya kampuni moja ya Marekani, jina naliweka kapuni. Ilikuwa inakosea kupanga miamala ya usiku wa manane kwa saa za Afrika Mashariki. Nikarekebisha, nikawatumia. Mistari michache tu. Roboti yao ikajibu papo hapo: asante sana, ila hatupokei kitu mpaka usaini CLA, yaani mkataba wa mchangiaji.

Nikaufungua nikausoma wote. Nabaki na umiliki wa nilichoandika, hapo sawa. Ila naipa kampuni ruhusa ya kudumu, ya dunia nzima, isiyolipiwa na isiyofutika, ya kunakili, kurekebisha, kusambaza na kutoa leseni kwa wengine. Hapo kwenye "kutoa leseni kwa wengine" ndipo nilipokwama. Leseni ipi? Mkataba hausemi. Inaweza kuwa hii huria iliyopo leo, inaweza kuwa nyingine watakayoitunga mwakani.

Kitu ambacho wengi hawakioni ni kwamba leseni inambana anayepokea programu, haimbani mwenye hakimiliki. Kampuni ikiweka programu yake chini ya GPL au AGPL, leseni huria zinazomtaka anayeisambaza programu naye aufungue msimbo wake, mimi na wewe ndio tunaolazimika kuufungua msimbo wetu. Yenyewe, ikiwa haki zote ziko mkononi mwake, inaweza kesho kuuza programu ileile kwa masharti ya kufungwa, na hakuna wa kuipeleka mahakamani. Nani atakushtaki kwa kuvunja masharti uliyoyaweka mwenyewe?

Sasa nauliza wajuzi: nisaini? Na upande wa pili, mtu akivunja leseni ya programu niliyochangia, nani ana haki ya kumdai?

Naomba tusiingie kwenye ule ubishi wa "programu huria ni za bure". Hiyo mada ina uzi wake.

chungutano

Nimekaa siti ya mbele. Waje wajuzi.

BwanaHesabu

Mistari michache mkuu unaiitia kikao? Saini, jina lako liingie kwenye mradi, CV inenepe, maisha yaendelee. Hakimiliki huwezi kwenda nayo gengeni.

MzeeWaTerminali

BwanaHesabu, leo ni mistari michache. Kampuni inavikusanya vipande vya namna hiyo kwa maelfu, na nguvu yake inatoka kwenye huo mkusanyiko.

Wadogo zangu hamkuwepo enzi za MySQL, ile programu huria ya hifadhidata. MySQL AB ilikuwa kampuni ya Sweden. Msimbo wao ulikuwa GPL, lakini ukitaka wapokee mchango wako ilibidi uwahamishie hakimiliki. Kwa nini? Kwa sababu biashara yao ilikuwa kuuza leseni ya pili. Kampuni iliyotaka kuifunga MySQL ndani ya bidhaa yake bila kufungua msimbo ilikwenda kwao kununua ruhusa. Umeona mchezo? GPL hapo ni fimbo ya kumsukuma mteja dukani, na fimbo hiyo haifanyi kazi kama kuna kipande kimoja ndani chenye mwenyewe mwingine.

2008 Sun wakainunua kwa takriban dola bilioni 1. Januari 2010 Oracle wakamaliza kuinunua Sun yenyewe. Kila aliyekuwa amehamisha hakimiliki yake kwa kikampuni kidogo cha Sweden akajikuta kazi yake iko Oracle, kampuni inayouza hifadhidata za kufungwa. Monty Widenius, mmoja wa waanzilishi, akajitenga na kuanzisha MariaDB. Lakini hata yeye hana ruhusa ya kuuza leseni ya kufungwa kwa msimbo wa zamani aliouandika kwa mkono wake. Anabanwa na GPL kama wewe na mimi. Ruhusa ile ilienda na hakimiliki.

Haya, tuje ya juzi, kampuni tatu zilizobadilisha leseni za programu zao huria. MongoDB, Oktoba 2018: kutoka AGPL kwenda SSPL, leseni ambayo OSI, taasisi inayoidhinisha leseni huria, haijawahi kuikubali kuwa huria. Elastic, Januari 2021: kutoka leseni huria ya Apache 2.0 kwenda SSPL na leseni yao wenyewe. HashiCorp, Agosti 2023: programu yao ya Terraform kutoka MPL, leseni huria, kwenda BSL ambayo si huria, wiki chache baadaye watu wakajitenga na kuanzisha nakala yao huria, OpenTofu, na kampuni yenyewe ikaishia mikononi mwa IBM. Zote tatu zilikuwa zinawasainisha wachangiaji CLA. Ukisoma yale makaratasi baada ya tukio unaona mlango ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza.

Bi_Seva

Mzee shikamoo, lakini unaisimulia upande mmoja.

Elastic na MongoDB walikuwa wanalipa mishahara ya watu walioandika sehemu kubwa ya huo msimbo. Halafu anakuja mwenye wingu kubwa, kama Amazon kwa Elastic, anauchukua, anauweka kwenye seva zake, anauza huduma kwa jina linalofanana. Ungekuwa wewe mkurugenzi ungefanyaje? Mimi nimeajiriwa na kampuni inayotengeneza programu huria, nafanyia kazi hapa hapa Mikocheni, na mshahara wangu unatoka kwenye hiyo leseni ya pili anayoisema Mzee kwa kejeli. Bila CLA hakuna leseni ya pili, bila leseni ya pili hakuna mimi.

Na tusisahau hata hao waliohama wengine wamerudi. Elastic waliongeza AGPL 2024. Redis, hifadhidata nyingine, waliotoka leseni huria ya BSD Machi 2024 na kuwafanya watu waanzishe nakala yao huria, Valkey, Mei 2025 wakaweka AGPL kwenye Redis 8.

MzeeWaTerminali

Marahaba Bi_Seva. Wamerudi, ndiyo. Wamerudi baada ya wenzao kujitenga na wateja kuhama, na mlango wa kutoka tena hawajaufunga. Mimi sina ugomvi na mtu kulipwa. Ugomvi wangu ni mkataba ambao upande mmoja unatoa vyote, na upande wa pili hauahidi hata kwamba programu itabaki huria.

Mfano wako wa Redis nao una la kujifunza. BSD inamruhusu mtu yeyote kuufungia msimbo ndani ya bidhaa yake, ilimradi aache tangazo la hakimiliki. Mradi ukiwa BSD, kuogopa CLA peke yake ni kulinda dirisha huku mlango uko wazi.

WakiliPosta

Nimeitwa na mdogo wangu nije huku. Mimi ni mwanasheria, msimbo siuandiki, mikataba naisoma.

Mleta mada, tenganisha vitu viwili. Kuna kuhamisha hakimiliki: ukisaini, mali si yako tena, ni ya kampuni. Ndivyo MySQL AB walivyotaka. Na kuna CLA ya leseni kama hiyo uliyoletewa: mali inabaki yako, ila kampuni inapata ruhusa pana. Wengi wanasema ni yaleyale. Kwa kubadilisha leseni, karibu ni yaleyale. Kwa kwenda mahakamani, hapana. Mwenye leseni isiyo ya kipekee kwa kawaida hana nguvu ya kumshtaki mvunjaji kwa ajili ya kipande chako, mwenye nguvu hiyo ni wewe uliye mmiliki. Kwa hiyo chini ya CLA yako, kampuni inapata uwezo wa kubadilisha masharti, na kazi ya kudai inabaki Dar es Salaam na wewe.

Linux, ule mfumo huria wa uendeshaji, wamekwenda njia nyingine kabisa, kila mtu anabaki na chake. Ni kama shamba la ukoo: warithi maelfu, hakuna anayeweza kuliuza peke yake, lakini mvamizi akiingia kila mrithi anaambiwa aoneshe mpaka wake. Hilo la mpaka si utani. Christoph Hellwig, mmoja wa waandishi wa Linux, aliishtaki kampuni ya VMware huko Hamburg, Ujerumani, 2015. Mahakama haikufika hata kwenye swali la kama GPL imevunjwa. Ilisema hajaonesha vya kutosha ni sehemu zipi hasa ni zake na zimetumikaje ndani ya bidhaa ya VMware. Alishindwa 2016, rufaa nayo ikagonga mwamba 2019, ingawa VMware walitangaza kwamba watauondoa ule msimbo.

Linganisha na Ufaransa. Entr'Ouvert ni kampuni ndogo, ndiyo mwandishi na mmiliki wa maktaba inayoitwa Lasso, iliyo chini ya GPL. Orange, kampuni ya simu, waliitumia kwenye kazi ya tovuti ya serikali. Kesi ilivutana zaidi ya miaka kumi, mpaka Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Paris ikaamuru Orange walipe yuro 500,000 kwa hasara peke yake, achilia mbali mafungu mengine. Hakimiliki ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, hapakuwa na ubishi wa mipaka.

Kwa kwetu: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. COSOTA mnaijua kwa muziki na filamu, ila programu zimo. Na haki haisubiri usajili, inazaliwa ukishaandika.

Swali langu kwako MsimboMkavu: hayo marekebisho umeyaandika saa za kazi, kwa kompyuta ya ofisi? Kama ndiyo, soma mkataba wako wa ajira kwanza. Inawezekana wa kusaini si wewe, ni mwajiri wako.

MsimboMkavu

Saa za kazi, kompyuta ya ofisi. Duh. Hili sikuliona likija.

Aggrey_Mjini

Jamani mimi ni mfanyabiashara, nauza ruta na visanduku vya TV pale Aggrey, Kariakoo. Mzigo unatoka Guangzhou. Kuna mteja alikuja na kijikaratasi anataka "msimbo wa Linux" wa kisanduku alichonunua. Nikamwambia kaka huku tunauza na rimoti yake tu. Huyu alikuwa mzima?

MzeeWaTerminali

Alikuwa mzima kuliko sisi wote humu.

Chukua kisanduku kimoja hapo dukani sasa hivi. Ingia mipangilio, kuhusu kifaa, taarifa za kisheria. Utakuta maandishi yanashuka skrini baada ya skrini, na humo kuna GPL toleo la 2, kwa sababu ndani kuna Linux. Kwenye ruta mara nyingi kuna na BusyBox, mkusanyiko wa zana ndogondogo ulio chini ya GPL pia. GPL haiangalii nani kaandika, inaangalia nani anasambaza. Kifaa kinatakiwa kije na msimbo wenyewe, au na ahadi ya maandishi, yenye nguvu ya angalau miaka mitatu, kwamba mtu yeyote akiomba atapewa kwa gharama ya kunakili tu. Tafuta hiyo ahadi kwenye boksi. Nakuhakikishia kwenye nyingi hutaiona, na ukiiona ina barua pepe isiyojibu.

Na haya mambo yana matunda. Linksys waliiuza ruta ya WRT54G ikiwa na Linux ndani, watu wakagundua 2003, wakawabana, msimbo ukatoka. Kwenye msimbo huo ndipo ilipoota OpenWrt, mfumo huria wa ruta, 2004. Fundi yeyote wa mtandao hapa Dar aliyewahi kuifufua ruta ya zamani kwa OpenWrt anakula matunda ya watu waliokataa kunyamaza. Harald Welte naye, mwaka huohuo 2004, alipata zuio la mahakama ya Munich dhidi ya kampuni ya Sitecom. Yeye alifanikiwa kwa sababu netfilter, sehemu ya Linux inayochuja mawasiliano ya mtandao, ilikuwa na vipande alivyoviandika yeye vinavyoonekana waziwazi.

Fimbo hii nayo inachoma mikono. Mwandishi mmoja wa zamani wa netfilter huko Ujerumani aliigeuza mradi wa kukusanya hela kwenye kampuni, hadi timu ya netfilter ikamsimamisha 2016, na mwaka uliofuata watu wa Linux wakatoa tamko kwamba mvunjaji apewe muda wa kurekebisha kwanza. Kwa hiyo nikisema "kila mtu abaki na chake", nalijua na hilo.

WakiliPosta

Naongeza moja kwa Aggrey_Mjini, maana linamhusu mteja wake hasa. Oktoba 2021, Software Freedom Conservancy, shirika la kutetea programu huria, waliishtaki Vizio, watengeneza TV, huko California. Hawakwenda kama wamiliki wa hakimiliki. Walikwenda kama wanunuzi wa TV. Hoja yao ni kwamba GPL ni ahadi kwa anayepokea kifaa, kwa hiyo aliyelipa hela yake dukani anaweza kudai msimbo. Mei 2022 jaji wa shirikisho aliirudisha kesi mahakama ya jimbo, iendelee kama madai ya mkataba. Hoja hiyo ikishika mizizi, hili swali la nani ana hakimiliki linapungua uzito sana upande wa kudai. Upande wa kubadilisha leseni linabaki palepale.

Aggrey_Mjini

Kwa hiyo akirudi nimpe nini?

MzeeWaTerminali

Ukiagiza mzigo ujao, mwambie msambazaji akutumie msimbo wa toleo hilohilo la kifaa kabla hujalipia salio. Uuweke kwenye flashi dukani. Akirudi mnakilishie.

Aggrey_Mjini

Salio nalilipia kabla meli haijaondoka. Nitajaribu. Asante mzee.

DadaRamani

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye mwendokasi, tumekwama Magomeni, namshukuru dereva.

Mbona mnazungumza kana kwamba kuna njia mbili tu, kumpa kampuni kila kitu au kila mtu abaki na kipande chake? Mimi nilikuwa kwenye Ramani Huria, ule mradi ulioanza 2015 wa kuchora kata zinazofurika hapa Dar, tukishirikiana na wanafunzi wa UDSM na Ardhi. Data zote ziliingia OpenStreetMap (OSM), ramani huria ya dunia. Na kila anayejiunga OpenStreetMap anakubali masharti ya mchangiaji. Ni CLA kabisa.

Lakini isomeni. Haki zinabaki kwako. Taasisi ya OSM inaweza kubadilisha leseni, ila ni lazima iwe leseni huria na ya wazi, na ipitishwe kwa kura: wanachama wa taasisi kwanza, halafu theluthi mbili ya wachangiaji walio hai. Uwezo wa kubadilisha upo, na umewekewa kufuli ambalo funguo zake wanazo waliofanya kazi. Masharti hayo yalikuja na maumivu. Septemba 2012 ramani ilipohama kutoka leseni ya Creative Commons kwenda ODbL, leseni huria ya data, waliokataa data zao ziliondolewa, na sehemu nyingine duniani barabara zilipotea ikabidi zichorwe upya.

MsimboMkavu, waulize hao Wamarekani wako kama wako tayari kuweka sentensi moja tu: mchango wako utatolewa daima chini ya leseni huria. Mkataba wa FSF, taasisi iliyoandika GPL, kwa miradi yake ya GNU unaahidi hivyo, ingawa unataka uhamishe hakimiliki kabisa. Jibu lao litakuonesha unashughulika na nani.

Bi_Seva

DadaRamani, hapo nimenyoosha mikono. Hata mimi nitaipeleka ofisini.

MsimboMkavu

Mrejesho. Nimeongea na bosi, kumbe mkataba wangu wa ajira unasema kila ninachoandika kazini ni mali ya ofisi, kwa hiyo Wakili alipiga penyewe. Bosi akaniruhusu niwaandikie kwa jina la ofisi. Nimewauliza swali la DadaRamani. Wamejibu kwa heshima kwamba mkataba ni mmoja kwa wachangiaji wote na haubadilishwi. Tukaamua marekebisho yabaki kwenye nakala yetu ya ndani. Kila toleo jipya likitoka itabidi nikae niyaunganishe upya, ndiyo gharama yake.

BwanaHesabu

CV nayo?

MsimboMkavu

CV nitachangia Linux. Kule unaandika amri ya git commit -s, mstari wa Signed-off-by unaongezeka chini ya maelezo, unathibitisha una haki ya kuutoa huo msimbo, basi. Walianza 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM ikidai msimbo wake uliingizwa kwenye Linux. Hawakuombi hakimiliki.

dogo_wa_CoICT

Wakubwa shikamooni. Nina kimradi cha kuhesabu ada za shule na kutuma SMS kwa wazazi. Tunaandika na washkaji watatu. Nataka kiwe huria, ila siku moja niuze toleo la kufungwa kwa shule kubwa. Niwasainishe?

Bi_Seva

Wasainishe, na andika ukurasa wa mbele wa mradi kwamba utauza. Watu hawakasirikii kuuza, wanakasirikia kushtukizwa.

WakiliPosta

Iwe kwa maandishi na sahihi. "Tulikubaliana kantini" haitakusaidia siku shule ikikulipa.

MzeeWaTerminali

Na weka kifungu cha kurudisha. Qt, zana za kutengenezea programu, wanacho tangu 1998, kupitia taasisi ya KDE Free Qt Foundation: kampuni ikiacha kutoa toleo huria, taasisi ina ruhusa ya kuitoa Qt kwa leseni ya mtindo wa BSD. Qt imepita mikono ya Trolltech, Nokia na Digia, na kila mnunuzi amekikuta kifungu mezani.

Halafu dogo, nimeingia kwenye mradi wako. Faili la leseni halimo kabisa. Msimbo kuwa wazi mtandaoni haitoshi. Kisheria sasa hivi hakuna aliyeruhusiwa kuutumia, hata hao washkaji zako.

dogo_wa_CoICT

Nimeweka AGPL sasa hivi. Washkaji nimewaandikia wakubali, wawili wamejibu ndiyo.

WakiliPosta

Subiri wote watatu. Atakayekataa, kipande chake kitoe ukiandike upya.

dogo_wa_CoICT

Wa tatu yuko JKT, simu hawaruhusiwi. Na ndiye aliyeandika sehemu ya SMS.

WakiliPosta

Basi SMS zisubiri atoke kambini.